Uvuvi wa mputa, ngege na mukene Uganda: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya Ziwa Viktoria upande wa Uganda, kuanzia Kasensero hadi Majanji, pamoja na visiwa vya Kalangala na Buvuma. Pale ambapo maziwa ya Kyoga, Albert, Edward au George yana mambo yao, tumesema. Wasomaji wa Mwanza na Kisumu wasome mputa kama sangara au mbuta, ngege kama sato, na mukene kama dagaa au omena. Samaki ni walewale na ziwa ni lilelile.

Kwa nini mputa wa chini ya sentimita 50 asivuliwe, na kwa nini tuambiwe tumwache hata yule wa zaidi ya 85?

Dume la mputa hukomaa likiwa na sentimita 50 na ushei. Jike huchelewa zaidi, na wengi hawatagi kabla ya kupita sentimita 60 au 70. Kwa hiyo anayedhani kipimo cha 50 kinamlinda jike amekosea hesabu. Kipimo hicho kinampa dume nafasi, na kinampa kila samaki muda wa kuongeza uzito, basi. Kinachomlinda jike ni ule mpaka wa juu. Jike kubwa hubeba mayai kwa mamilioni, na majike machache ya aina hiyo kwenye ghuba moja huzaa kuliko mamia ya vijike vinavyotaga kwa mara ya kwanza. Ndiyo maana nchi tatu za ziwa, kupitia Shirika la Uvuvi la Ziwa Viktoria (LVFO) lenye makao Jinja, zilikubaliana juu ya dirisha la sentimita 50 hadi 85: samaki avuliwe akiwa ndani ya dirisha, aachwe akiwa nje yake.

Kwenye mialo mingi, yaani vituo vya ufukweni vinapopokelewa samaki, mpaka wa chini unajulikana na kuogopwa, ule wa juu unachukuliwa kama ushauri. Kwa maoni yetu huo ndio upungufu mkubwa wa utekelezaji.

Hasara ya kuvua mdogo ni kiasi gani hasa?

Tupige hesabu. Mputa wa sentimita 30 ana gramu 300 hivi. Wa sentimita 50 ana kilo moja na nusu. Wa sentimita 85 ana kilo saba hadi nane. Kutoka 30 hadi 50 humchukua mwaka mmoja hivi, kwa sababu mputa hukua upesi akiwa na chakula.

Chukua samaki 100 wa sentimita 30. Ukiwavua leo, una kilo 30. Ukiwaacha mwaka, tuseme theluthi moja wafe kwa kuliwa na wenzao au kwa maradhi. Wanabaki 67, kila mmoja kilo moja na nusu, jumla kilo 100. Na kilo ya samaki anayekubalika kiwandani haiuzwi bei ya kilo ya samaki anayefichwa chini ya turubai. Umevua mara tatu kwa uzito, na zaidi ya mara tatu kwa fedha, bila kuongeza wavu hata mmoja.

Nikimwacha mimi, jirani atamvua kesho. Sasa nimepata nini?

Hapa hatutabisha. Mvuvi mmoja mwaminifu katikati ya wenzake wasiojali anafuga samaki wa wengine. Kanuni hii haifanyi kazi kwa mtu mmoja mmoja. Hufanya kazi kwa mwalo mzima, na zaidi kwa mialo yote ya ghuba moja.

Tulichoona kikizaa matunda ni kuacha kukimbizana majini na kusimama kwenye mizani. Ziwa ni pana, lakini samaki lazima afike nchi kavu. Mwalo unaotaka kubana hufanya hivi: ubao wa kupimia unawekwa kando ya mizani, kila kreti hupita hapo kabla ya kupimwa uzito, na wachuuzi wote wanakubaliana siku moja kwamba mdogo hanunuliwi. Wakikubaliana wanane na wawili wakakataa, hao wawili watapata samaki wote wadogo kwa bei ya kutupa, na baada ya wiki mbili wale wanane wataona wamefanywa wajinga. Makubaliano ya wachuuzi ni muhimu kuliko mkutano wa wavuvi, na ndiyo yanayosahaulika.

Mahali pa pili pa kuangalia ni kayabo. Mputa mdogo hapiti kiwandani, kwa hiyo huchanjwa, hutiwa chumvi, huanikwa na kusafirishwa kwa magunia kuelekea mipakani, hasa soko la Mpondwe kwa ajili ya Kongo. Chumvi humfanya asioze njiani na humfanya asipimike kirahisi, maana ameshakatwa kichwa. Mwalo wenye maturubai mengi ya kayabo una nyavu ndogo, hata kama kwenye ukaguzi zote zinaonekana za inchi 7. Huhitaji kumtafuta mhalifu ziwani. Fuata magunia ya chumvi yanayoingia.

Nimpimeje samaki ili nisibishane na mkaguzi?

Tengeneza ubao wa sentimita 100, wenye kizuizi cha wima upande mmoja na alama za sentimita zilizochongwa. Usitumie wino, maji huufuta. Piga alama nyekundu kwenye 28, 50 na 85. Mlaze samaki, kichwa upande wa kushoto, mdomo umefungwa na kugusa kizuizi. Nyoosha mwili bila kuuvuta. Soma pale ncha ya mkia inapoishia. Mkia wa mputa ni wa mviringo, hauna panda, kwa hiyo urefu ni hadi mwisho kabisa wa mkia. Kumpima kwa futi ya kamba iliyopita juu ya tumbo huongeza sentimita mbili au tatu, na ugomvi mwingi huzaliwa hapo.

Alama ya 28 ni ya ngege: kipimo chake cha chini ni inchi 11, yaani sentimita 28.

Wavu na ndoano gani vinaruhusiwa?

Kwa mputa, wavu wa kutega wenye jicho la inchi 7 (milimita 178) au zaidi. Kwa ngege, inchi 5 (milimita 127) au zaidi. Ndoano ni namba 9 au kubwa kuliko hiyo. Hapa wageni hukosea, kwa sababu namba za ndoano huenda kinyume: namba 12 ni ndogo kuliko namba 9, na namba 6 ni kubwa. Muuzaji anayekupa namba 11 akisema "ni kubwa zaidi" anakutia matatani.

Vilivyopigwa marufuku ni kokoro linalovutwa ufukweni, wavu wa kutupa, nyavu za uzi mmoja wa plastiki (monofilamenti), na kupiga maji kwa virungu ili samaki wakimbilie wavuni. Kokoro lina ubaya wa namna yake. Hufagia chini kule maji mafupi yaliko, ndiko ngege hujenga viota na vifaranga vya mputa hujificha. Wavu wa monofilamenti ni rahisi kuununua na hunasa vizuri kwa kuwa hauonekani majini. Ukipotea hauozi, unaendelea kuua samaki wasioliwa na mtu, na ukikatika haushoneki.

Nilinunua wavu ulioandikwa inchi 7, mkaguzi akasema ni sita na nusu. Nani mkweli?

Mara nyingi mkaguzi. Kibandiko cha gunia si kipimo. Loweka wavu kwanza, kwa kuwa uzi mkavu na uzi mbichi havilingani. Shika jicho moja kwa vidole viwili, livute mpaka pande zake zikutane, kisha pima kutoka katikati ya fundo moja hadi katikati ya fundo linalotazamana nalo. Usipime jicho moja tu. Pima kumi mfululizo, mbali na kingo ambako kamba ya maboya imefinya wavu, ujumlishe, ugawanye kwa kumi. Fanya hivyo dukani, kabla ya kulipa. Muuzaji anayekataa ndoo ya maji ameshakujibu.

Ukaguzi pia hutazama kina. Kipande cha kawaida kina macho 26 kwenda chini, ambacho kikifungwa kwenye kamba hushuka mita nne hivi. Wengine hushona vipande viwili au vitatu kimoja chini ya kingine ili ukuta ufike mita nane hadi kumi na mbili. Samaki huongezeka kwa miezi michache. Halafu gharama ya wavu imekuwa mara tatu, jirani naye ameshona, na kilo kwa kila kipande zimerudi palepale zilipokuwa au chini zaidi.

Kwa nini mtumbwi uwe na futi 28? Mtumbwi wangu mdogo unanitosha.

Sababu ya kwanza ni usalama. Upepo wa Viktoria hubadilika ndani ya nusu saa, na mtumbwi mfupi uliojaa nyavu huchukua maji kwenye wimbi la pili. Ya pili haisemwi sana: mtumbwi mdogo haufiki maji ya kina, kwa hiyo hulazimika kuvua ghubani, kwenye mazalia. Kipimo cha futi 28 ni njia ya kuwasukuma wavuvi nje ya malezi ya samaki.

Ukali wake ni wa kweli. Mtumbwi mrefu unataka injini, injini inataka mafuta, na aliyekuwa akijitegemea kwa kafi hugeuka baria, yaani mvuvi wa kuajiriwa, wa mwenye mtaji. Mwalo unaoijua hali hiyo huwaunganisha watatu au wanne wanunue mtumbwi mmoja kwa pamoja. Mpango wa serikali wa mitaji uitwao Emyooga una kundi la wavuvi kwa ajili ya SACCO (vyama vya akiba na mikopo) za namna hii. Andikeni kabla ya kununua: nani analipa injini ikiharibika, na mgawo unatoka kabla au baada ya mafuta. Vikundi vingi huvunjika kwenye swali la mafuta, si la samaki. Kwenye maziwa madogo kipimo cha urefu ni tofauti, muulize afisa uvuvi wa wilaya.

Samaki mdogo amenaswa na ameshakufa. Nimtupe?

Akiwa hai, mwachie upesi, mkono ukiwa umelowa, bila kumshika kwenye matamvua. Mputa aliyepandishwa haraka kutoka maji ya kina hupanuka kibofu na mara nyingi hafufuki, kwa hiyo kumtupa mfu hakuokoi chochote. Lakini akiruhusiwa kuuzwa, kila mdogo "atakuwa amekufa mwenyewe". Suluhisho liko kwenye wavu. Ukikuta wadogo wengi katika wavu halali wa inchi 7, umetega mahali pa malezi, hama. Ukikuta wawili watatu kwenye kreti nzima, hiyo ni bahati mbaya ya kawaida, na mkaguzi mwenye akili huijua tofauti.

Mukene anazaa haraka. Naye anahitaji kanuni?

Ndiyo, ila si zilezile. Mukene hukomaa akiwa na sentimita nne na nusu hivi, na maisha yake ni mafupi. Kundi la leo si la mwaka jana. Huwezi kumwekea akiba kama mputa. Usipomvua atakufa au ataliwa. Kwa hiyo kumvua kwa wingi si dhambi, na kwa kilo ndiye anayeshika nafasi ya kwanza ziwani.

Hatari iko kwenye kinachovuliwa pamoja naye. Wavu wa macho madogo ukipita maji mafupi huzoa vifaranga vya mputa na ngege kwa ndoo. Ndiyo shida ya hariapu, ule wavu mrefu unaozungushwa na kuvutwa kwa kasi, uliopigwa marufuku na kuzua mivutano mingi kati ya wavuvi wa mukene na walinzi. Mukene avuliwe mbali na ufuko, usiku wa giza, kwa taa. Taa huita kundi juu, na mputa mdogo hubaki chini au kandokando. Jicho la milimita 10 hupitisha mukene wachanga wengi. La milimita 5 huzoa kila kitu. Usiku wa mbalamwezi taa haina nguvu, kwa hiyo siku hizo ndizo za kushona nyavu na kulala.

Mukene wetu unanunuliwa kwa bei ya chakula cha kuku. Tunakosea wapi?

Mchangani, mnakomwanika. Wanunuzi wa chakula cha watu huchukua kiganja, hutafuna mmoja, na wakisikia mchanga huondoka. Aliyebaki ni mwenye kinu cha chakula cha mifugo, naye anajua huna mwingine.

Jengeni vichanja. Nguzo za mkaratusi, urefu wa mita moja kutoka ardhini, juu yake mtandikwe wavu chakavu wa mukene uliokazwa usilegee katikati. Osheni mukene kwa maji safi ya ziwa yaliyochotwa mbali na ufuko. Mkoroge kwenye beseni mara mbili, mmwage maji yenye magamba. Tandazeni tabaka moja tu: kilo mbili hadi tatu kwa kila mita ya mraba. Tamaa ya kurundika kilo sita ndiyo huleta mukene mweusi wenye harufu, kwa kuwa wa chini huchemka kabla ya kukauka. Geuzeni baada ya saa mbili za kwanza, wakati ngozi imeshakamata lakini mwili bado laini. Jua likiwa zuri, siku moja inatosha kwenye kichanja kwa sababu hewa hupita juu na chini, wakati mchangani huvuka hadi siku ya pili. Amekauka pale anapovunjika kwa mlio, si anapopinda. Mpoozeni kivulini kabla ya kumtia guniani. Mukene wa moto kwenye gunia hutoa jasho na kesho yake ana ukungu.

Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba mvua huharibu sana. Turubai la plastiki nyeupe lililoinuliwa juu ya kichanja kama paa husaidia, mradi pande mbili zibaki wazi. Likilalia samaki moja kwa moja, mmewapika.

Kazi hii karibu yote iko mikononi mwa akina mama, na viti vya kamati ya mwalo mara nyingi haviko mikononi mwao. Mwalo ukipanga eneo, sehemu ya vichanja ndiyo ya kwanza kusahauliwa. Dai nafasi kabla choo na gati havijachorwa.

Nuni zina bei kubwa kuliko samaki mwenyewe. Kuna ubaya gani?

Nuni, yaani mabondo ya mputa, huuzwa Asia, hasa Hong Kong na China, na bei hupanda kwa kadiri bondo lilivyo kubwa na zito. Matokeo yake ni kwamba yule jike wa zaidi ya sentimita 85, ambaye kanuni inataka aachwe, ndiye anayetafutwa kuliko wote. Soko linavuta upande mmoja, biolojia upande mwingine. Kama mwalo wenu unataka kugusa jambo moja tu mwaka huu, anzeni hapa: andikeni kila nuni inayopita na urefu wa samaki aliyeitoa.

Jambo la pili ni haki. Mwenye mtumbwi akiuza samaki mzima kwa kilo, faida ya nuni huenda kwa anayempasua. Ulizeni bei ya nuni kabla ya kukubali bei ya kilo.

Barafu kiasi gani?

Kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki, tangu anapotoka majini. Iliyopondwa, chini, katikati na juu, si bonge moja lililowekwa kando. Sanduku liwe na tundu la kutolea maji. Samaki aliyezama kwenye maji ya barafu yaliyochanganyika na damu huharibika kuliko asiye na barafu ya kutosha. Akipoozwa mara moja, hudumu wiki mbili na zaidi. Akikaa juani mpaka saa sita mchana, barafu ya jioni inahifadhi uozo tu. Anayepoteza samaki mmoja kati ya watano kwa kuoza hulazimika kuvua watano ili auze wanne, kwa hiyo barafu nayo ni uhifadhi wa ziwa.

Tutajuaje kama samaki wanapungua au ni msimu tu?

Msiamini kumbukumbu. Chagueni mitumbwi kumi ileile, na siku mbili zilezile za kila wiki. Andikeni idadi ya vipande vya wavu, saa walizotega, kilo walizoleta, na urefu wa samaki 30 waliochukuliwa bila kuchagua. Gawanyeni kilo kwa vipande vya wavu. Namba hiyo moja ina thamani kuliko kilo za mwalo mzima, kwa sababu kilo za mwalo huongezeka hata ziwa likifa, mradi mitumbwi imeongezeka.

Kilo kwa wavu zikishuka na urefu ukabaki uleule, huenda ni hali ya hewa au samaki wamehama, subirini. Zikishuka na urefu nao ukashuka, mnavua watoto. Kilo zikibaki palepale lakini urefu ukashuka miezi sita mfululizo, hapo ndipo pa kushtuka, kwa sababu mfuko bado haujauma na hakuna atakayewasikiliza. Daftari hilo pia huwapa nguvu mbele ya watafiti wa NaFIRRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi ya Jinja, na mbele ya hesabu za mitumbwi na nyavu ambazo nchi tatu zimekuwa zikifanya tangu mwaka 2000.

Nani mwenye mamlaka mwaloni: kamati, afisa uvuvi au jeshi?

Kanuni za mwaka 2003 ziliunda kamati za usimamizi wa mialo (BMU), zenye wajumbe 9 hadi 15 kutoka kwa wenye mitumbwi, mabaria, wachuuzi na wengineo. Mwaka 2015 kamati hizo zilisimamishwa, na mwaka 2017 kikosi cha jeshi cha kulinda uvuvi kikaingia ziwani. Bunge lilipitisha sheria mpya ya uvuvi na ufugaji wa samaki mwaka 2022, kuchukua nafasi ya ile ya tangu ukoloni. Leseni na vibali vya kusafirisha samaki hutolewa kwa utaratibu wa Wizara ya Kilimo, Ufugaji na Uvuvi yenye ofisi Entebbe, kupitia afisa uvuvi.

Operesheni za jeshi zilipunguza nyavu haramu haraka, hilo halina ubishi. Ziliacha pia malalamiko ya kupigwa na kuchomewa mali, na hayo nayo hayana ubishi. Mlinzi akiondoka wiki moja, kokoro hurudi wiki hiyohiyo, isipokuwa pale ambapo wenye mwalo wenyewe wana sababu ya kulikataa. Ukikamatwa, dai orodha ya vifaa vilivyochukuliwa, iandikwe na kusainiwa mbele ya mwenyekiti wa LC (baraza la mtaa), na wavu upimwe ukiwepo.

Kupunguza mitumbwi kumewahi kufanya kazi hapa nchini?

Kwenye Edward na George idadi ya mitumbwi imewekewa ukomo tangu zamani, kila mmoja una namba yake, na mialo inajulikana: Katwe, Kazinga, Rwenshama, Kayanja, Kasenyi, Hamukungu, Kahendero na mingine michache, mingi ikiwa ndani ya Hifadhi ya Malkia Elizabeth. Si peponi. Kuna mitumbwi isiyo na namba inayovua usiku, na namba zenyewe zimekuwa mali ya kurithishwa na kukodishwa, kiasi kwamba kijana wa kijiji hana pa kuingilia. Lakini huwezi kupanga mgawo wa samaki bila kujua wavuvi ni wangapi, na huko angalau hesabu inaanzia mahali.

Je, tufunge ziwa miezi mitatu kama Tanganyika?

Nchi za Ziwa Tanganyika zimeanza kulifunga kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti. Kwa mputa faida yake ni ndogo, kwa sababu hutaga karibu mwaka mzima. Ngege angefaidika zaidi kwa kufungiwa ghuba zenye viota, mahali badala ya miezi. Na kufunga bila kuwa na chakula cha mabaria kwa miezi hiyo ni kuwafundisha kuvua usiku.

Uganda hatuna kamba wa baharini. Yale mafunzo yao ya uvuvi yanatuhusu?

Yanatuhusu sana. Wavuvi wa kamba mkubwa wa Maine, Marekani, wana dirisha kama letu: gamba la mgongo lisipungue inchi 3¼ na lisizidi inchi 5. Wakimpata jike mwenye mayai humkata alama ya pembetatu kwenye pezi la mkia na kumrudisha, na yeyote atakayemnasa baadaye akiona alama hiyo naye humwachia, hata kama siku hiyo hana mayai. Alama hukatwa na wavuvi wenyewe, siyo polisi. Mputa hawezi kuwekewa alama vile, maana mara nyingi hafiki hai mtumbwini, ila kule kukubaliana mwalo mzima kwamba jike fulani haguswi kunawezekana hapa.

Kamba wa maji baridi tunaye Ziwa Bunyonyi, na hoteli za Kabale humpika. Huyo ni mgeni kutoka Marekani, hahitaji kulindwa. Wategeeni kwa vitega vyenye chambo, waachieni fisi-maji wanaonaswa, na msimchukue hata mmoja akiwa hai kwenda ziwa jingine. Hutoboa kingo za mabwawa na kula mayai ya samaki.

Tumeamka, ufuko umejaa mputa wafu. Tuwauze?

Hapana. Mwishoni mwa 2020 na mwanzoni mwa 2021 mputa wengi walielea Viktoria na Kyoga. Sababu iliyotajwa na serikali ni upungufu wa oksijeni baada ya dhoruba kuchanganya maji ya chini na ya juu. Mputa huhitaji oksijeni nyingi kuliko ngege, kwa hiyo hufa wa kwanza, na wakubwa mbele. Mkiona ngege, nkejje (furu) na hata konokono wamekufa pamoja naye sehemu moja ndogo, shukuni sumu. Mwaka 1999 uvuvi wa sumu ulifunga soko la Ulaya kwa samaki wote wa ziwa hili, wa waliotumia sumu na wa wasioijua. Msichote maji ya kunywa hapo. Chukueni samaki wawili watatu wanaokata roho, muwafunge kila mmoja kwenye mfuko wake, muwaweke kwenye barafu bila kuwapasua, muandike saa na mahali, na muwapeleke kwa afisa uvuvi siku hiyohiyo. Waliokufa tangu jana hawaonyeshi tena chochote maabara.